Mgagani unajiotea jalalani bila kupandwa, nikiusia bustanini hauoti. Wajuzi nisaidieni

#1 KibaruaWaUani
Wakuu, habari za jioni.

Nina kieneo nyuma ya nyumba huku Kinyerezi, hatua 12 kwa 7. Nimepiga matuta manne: mchicha, matembele, figiri, na moja nimelitenga kwa ajili ya mgagani, ile mboga ya majani yenye uchungu. Mama yangu ni mtu wa Shinyanga, na tangu ahamie kwangu mwezi wa kumi hana wimbo mwingine.

Mbegu nilizitafuta mwenyewe. Mwezi wa pili nilikuta mgagani umekomaa kando ya jalala la mtaa, nikakata maganda, mengine makavu mengine bado yana ukijani, nikaanika, nikapepeta. Nikapata nusu kikombe cha chai. Nikasia tarehe 3 Machi. Leo wiki ya tano, miche niliyohesabu ni 11. Tuta zima!

Sasa kinachoniuma. Pembeni ya simtanki la maji kuna ufa kwenye zege, ndipo nilipokung'uta ungo nilipomaliza kupepeta. Pale mgagani umeota kama nywele. Hakuna samadi, hakuna udongo wa maana, hakuna aliyemwagilia. Kwenye tuta niliweka samadi, nikalainisha udongo, namwagilia asubuhi na jioni.

Mama anacheka tu. Anasema, "Mgagani haupandwi, unajileta."

Nimekosea wapi?

#2 Mzawa_Halisi
Natega sikio, hata mimi ulishanishinda.

#3 chizi fresh
Mama kashafunga mada hapo, sisi wengine tunajaza kurasa tu.

#4 BwanaShambaMstaafu
Mleta mada, mbegu zako hazijafa, zimelala. Mgagani ukishavunwa mbegu yake haiko tayari. Inataka ikae mahali pakavu miezi mitatu, na mara nyingi hadi miezi sita, ndipo iamke. Wewe umevuna mwezi wa pili ukasia tarehe 3 mwezi wa tatu. Hata mwezi haujaisha! Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi na hili kosa nimelikuta kila mahali. Mtu anachuma mbegu leo, kesho anasia, keshokutwa anamlaumu aliyempa.

Na hayo maganda ya kijani ndiyo yamekumaliza kabisa. Mbegu ya mgagani ivunwe ganda likiwa la njano linaelekea rangi ya majani makavu, na mbegu ndani nyeusi. Shida ni kwamba likifika hapo linapasuka lenyewe na mbegu zinamwagika, ndiyo maana watu wanawahi.

Zile zilizobaki ziweke. Utanishukuru mwezi wa nane.

#5 Mama Zawadi
Asante bwana shamba. Ila naomba kuuliza, kama zimelala, hizo za kwenye ufa nani kaziamsha? Si ni mbegu zile zile, za ungo ule ule, siku ile ile?

#6 chizi fresh
😂😂 Mama Zawadi hapana jamani, mzee wa watu ndo kwanza kakaa.

#7 Mzawa_Halisi
Swali la #5 lijibiwe.

#8 BwanaShambaMstaafu
Swali zuri. Mbegu hazilali zote usingizi mmoja. Katika nusu kikombe kuna maelfu ya mbegu, hazikosi chache za kuamka mapema, hasa zilizotoka kwenye maganda makavu. Na ungo unapokung'utwa unaacha zile nzito zilizokomaa? Hilo sina hakika nalo, inategemea mtu anavyopepeta. Lakini "kama nywele" ni ngapi? Ahesabu.

#9 KibaruaWaUani
Nimehesabu. Ufa una urefu kama wa mkono wangu, miche 64. Tuta lina urefu wa mita tano, miche 11.

#10 Nyakerario
Hamjambo nyote. Mimi ni wa Kisii, Kenya. Hii mboga kwetu ni chinsaga, Wakalenjin wanaiita sageti, Wajaluo akeyo au dek. Sokoni Nairobi ukisema saga utaeleweka na kila mtu.

Ndugu, ulifukia mbegu kina gani? Nyanya yangu (bibi) alikuwa anachanganya mbegu na mchanga mkavu au jivu, anarusha kwa mkono, halafu anaburuta tawi la mti juu yake mara moja. Basi. Ukiifukia kama maharagwe imeenda. Ile mbegu ni ndogo, haina nguvu ya kubeba udongo kichwani.

#11 KibaruaWaUani
@Nyakerario nilichora mistari kwa kidole, nikamwaga, nikafukia. Kina kama pingili moja ya kidole.

#12 Nyakerario
Pole. Hiyo ni kaburi.

#13 Fundi Mwashi wa Chanika
Niongezee kwenye hoja ya #10. Huo udongo wa tuta ni wa hapo hapo au uliletewa? Maana Kinyerezi watu wengi wanamwagiwa ule mwekundu unaoletwa na kirikuu, vile vigari vya mizigo. Ule ukipigwa na mvua ya masika na jua la saa tano unafunga ganda juu kama sakafu. Mimi hufukia bomba kila siku kwenye udongo wa aina hiyo, najua ninachosema. Mche mdogo hautoboi.

#14 KibaruaWaUani
Ni wa kirikuu mkuu. Na masika yalianza kama siku kumi baada ya kusia.

#15 Sisi kwa Sisi
Mnazunguka tu. Ni SISIMIZI. Nilikuwa Morogoro, nimesia mgagani jioni, asubuhi nimekuta msafara wa sisimizi unatoka kwenye tuta unaingia chini ya ukuta, kila mmoja na mbegu yake mdomoni. Niliinama pale nikawa nawaangalia kama mjinga, wananibebea bustani. Kwenye ufa hawakuchukua kwa sababu huenda ufa wenyewe ndiyo ghala lao! Mleta mada chimbua hapo uone.

#16 chizi fresh
Kwa hiyo sisimizi wamemzidi mtu mwenye samadi na simtanki. Tumekwisha.

#17 Mwambao
Salaam. Huku kwetu mwambao wazee wanauita mkabilishamsi, mwenye kulikabili jua. Utazame asubuhi majani yameelekea mashariki, utazame alasiri yamegeuka. Mti wa jua huo. Sasa bwana huyu kaufukia gizani, utaota vipi? Juu ya zege jua tele, ndiyo umeota. Jina limekwambia kila kitu.

#18 BwanaShambaMstaafu
@Mwambao jina umelieleza vizuri na ni kweli majani yanafuata jua. Lakini hapo umechanganya mmea na mbegu. Mmea unapenda jua, mbegu yake haipendi mwanga. Imeshapimwa maabara zaidi ya mara moja: mbegu za mgagani gizani zinaota vizuri kuliko zilizoachwa kwenye mwanga, hasa joto likiwa nyuzi 30 au likipanda na kushuka kati ya 20 na 30. Kwa hiyo ifukiwe, ila kidogo sana, nusu sentimita inatosha. Au usia juu kisha ufunike tuta kwa gunia au nyasi mpaka ichomoze.

Kwa hiyo Nyakerario yuko sawa kwa kina, ila bibi yake alipokuwa anaburuta tawi ndiyo alikuwa anafukia.

#19 Nyakerario
Sikubishi mzee. Nyanya hakuwa na maabara lakini alikuwa na saga mwaka mzima.

#20 Ng'wana Shija
Wote mmepita pembeni. Mgagani ni mboga ya mahame. Kwetu Usukumani ukitaka mgagani huendi shambani, unakwenda palipokuwa na zizi la zamani, au nyumba iliyohamwa. Unaota kwenye samadi iliyooza miaka, jivu, mikojo ya ng'ombe. Jalalani ni hivyo hivyo. Tatizo la huyu ni samadi mbichi. Samadi mbichi inachoma. Ungeweka samadi ya mwaka juzi tungekuwa tunaongea mapishi sasa hivi.

Na wazee wanasema ng'ombe akila mgagani uliokomaa, mbegu ikipita tumboni ndiyo inaota vizuri.

#21 Mama Zawadi
Zege la simtanki lilipitiwa na ng'ombe lini?

#22 Ng'wana Shija
Dada wewe una shida na watu 😂

#23 Mzawa_Halisi
Naona kila mtu kafungua tawi la chama chake, na matawi yote yanafanyia mkutano kwenye ufa wa jamaa.

#24 Dkt wa Mtaa
Samahanini, natoka nje ya mada kidogo. Mleta mada, ulisema mbegu umechuma kando ya jalala. Mbegu haina neno. Lakini kuna watu humu najua wanachuma na MBOGA hapo hapo jalalani na kandokando ya barabara kubwa na mito ya mjini. Kuna utafiti ulichapishwa 1999 kuhusu mboga za majani zinazolimwa kando ya mto Sinza na mto Msimbazi, walipima madini mazito kama risasi na kadimiamu. Risasi haioni kama ni mchicha wa kupanda au wa kujiotea, inaingia tu, na nyingine inakaa juu ya jani kama vumbi. Kuosha kunasaidia kwa vumbi, hakusaidii kwa iliyoingia ndani.

Kuchuma mboga pori ni jambo jema, ila chuma ambapo unajua historia ya udongo.

#25 chizi fresh
Daktari umetuharibia chakula cha jioni, nina mchicha wa bondeni hapa kwenye sufuria.

#26 Sisi kwa Sisi
Bibi zetu walikula za jalalani wakafika miaka 90.

#27 Dkt wa Mtaa
Jalala la bibi yako lilikuwa maganda ya ndizi na jivu. La leo lina betri.

#28 Mlowezi wa Leicester
Wakuu, nimesoma uzi mzima kwenye basi nikapitiliza kituo.

Niko Uingereza mwaka wa tisa. Huku manispaa zinakodisha vishamba kwa wakazi, wanaviita alotimenti. Ni mambo ya zamani, kuna sheria yao ya 1908 inayotajwa mpaka leo. Ploti nzima ni kama mita za mraba 250, mimi nina nusu ploti, nalipa kwa mwaka. Majirani zangu ni wazee wastaafu wa viazi na vitunguu.

Mgagani nimejaribu misimu mitatu. Nikisia nje mwezi wa tano, hakuna kitu, udongo wa baridi. Mbegu zile zile ndani ya banda la nailoni zinachomoza siku ya sita au ya saba. Kwa hiyo mimi niko tawi la JOTO. Zege la simtanki linapikwa na jua mchana kutwa, usiku bado lina vuguvugu. Tuta linalomwagiliwa asubuhi na jioni ni la baridi. Jamaa anamwagilia kupita kiasi.

Lakini nilitaka kusimulia la mnafu. Huku mnafu unajiotea kwenye vishamba kama gugu, hakuna anayeula. Mwaka wa kwanza nilipouona nilitamani kulia kwa furaha, nikaupalilia vizuri, nikaacha mashina sita. Siku moja nachuma, mzee wa ploti ya pili kaja mbio na buti zake zimejaa tope, mkono juu, ananiambia niache, niache, nitakufa. Akanionyesha vile vitunda. Ikabidi nimweleze kwamba kwetu hii inauzwa mafungu sokoni. Hakuamini. Kesho yake alikuja kuangalia kama niko hai, akaniletea chai kwenye chupa.

Na yeye mwenyewe anachuma upupu ule unaowasha, anapika supu! Anavaa glavu, anakata ncha tu, anatia kwenye maji ya moto. Nikamwambia wewe unakula kinachouma halafu unaogopa mnafu wangu?

#29 Wanjiru wa Nyeri
Hiyo ya kuwasha ni thabai! Kwetu tunaiponda kwenye mukimo, viazi vyetu vya kuponda, inakuwa kijani safi. Ikishapikwa haiwashi kabisa. Huyo mzee mlete Nyeri apewe mke.

#30 Dkt wa Mtaa
Tusimcheke mzee wa Leicester. Ulaya kuna mmea mwingine wa ukoo huo huo ambao kweli ni sumu kali, una tunda moja moja, jeusi linang'aa, kubwa kama zabibu, na ua la zambarau lililoinama kama kengele. Mnafu wetu una maua meupe madogo kama nyota na vitunda vinakaa kishada. Mzee alichanganya ila nia yake ilikuwa njema. Hata kwenye mnafu wenyewe, vitunda vya kijani visiliwe.

#31 Mlowezi wa Leicester
Nakubali kabisa. Sasa hivi ni rafiki yangu, ila mnafu bado hajauonja.

#32 Mndendeule
Mkiongelea vya porini msisahau uyoga. Masika haya sisi kusini ndiyo wakati wake, miombo inatoa uyoga mpaka unachagua. Kujua wenye sumu ni rahisi, tia kitunguu au sarafu kwenye sufuria, ikigeuka nyeusi mwaga.

#33 Dkt wa Mtaa
HAPANA, HAPANA, HAPANA. Mkuu naomba sana hili bandiko lako mtu asilifuate. Sarafu haijui sumu. Kitunguu hakijui sumu. Kuna uyoga unaoua ambao hautabadilisha chochote kwenye sufuria, na kuupika hakuondoi sumu yake. Ubaya wake dalili zinachelewa, unakula usiku, unalala vizuri, kutapika na kuharisha kunaanza baada ya muda wa saa sita hadi kumi na mbili au zaidi, halafu unapata nafuu unadhani yameisha, kumbe ini ndiyo linakwenda. Nimeuona huo mchezo wodini, sitaki kuusimulia.

#34 Mndendeule
Sawa daktari. Kusema kweli hata mama yangu hatumii sarafu, anaujua uyoga kwa jina, kwa mti unaoota chini yake na kwa kichuguu. Mimi ndiyo niliokota hilo la sarafu mtandaoni. Nimelifuta kichwani.

#35 Mzawa_Halisi
Heshima kwako, wengi wangebisha kurasa nne. Turudi kwenye mgagani.

#36 Mkulima Tengeru
Niko Arusha. Hapa jirani kuna kituo cha World Vegetable Center, wana hazina kubwa ya mbegu za mboga za asili. Aina za mnafu mnazozisikia madukani, Nduruma na Olevolosi, zimetokana na kazi zao. Mgagani nao wanao. Ninachotaka kusema ni kwamba mbegu ya kuokota jalalani na mbegu iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi si kitu kimoja. Ya porini inaota kidogo kidogo, nyingine mwaka huu, nyingine mwakani, ndiyo namna yake ya kujilinda. Iliyozoeshwa shamba inaota pamoja. Mleta mada kaokota mbegu mwitu halafu anataka inyooke kama jeshi.

#37 Nyakerario
Hii nimeipenda. Kenya Profesa Mary Abukutsa-Onyango alianza kuzitafiti hizi mboga miaka ya 1990, wakati watu wengi wanaziita magugu na wenye pesa wanakula kabeji. Leo ukienda supamaketi saga na managu, huo mnafu wenu, ziko hapo na lebo, na bei imepita ya sukuma wiki.

#38 Bibi Kijana
Jamani naomba nichangie. Marehemu bibi yangu, Singida, alikuwa anafunga mbegu za mgagani kwenye kitambaa, anazining'iniza darini juu ya mafiga. Zinakaa pale kwenye moshi kuanzia mavuno mpaka mvua za mwanzo. Kitambaa kinakuwa cheusi tii na kinanuka moshi mpaka unakohoa ukikifungua. Hakuna mwaka zilikataa kuota. Alikuwa anasema bila moshi mgagani haujui kwamba msimu umeanza.

Sasa huo ni usingizi wa bwana shamba, au ni joto la Leicester, au ni moshi?

#39 BwanaShambaMstaafu
Ni muda na joto. Moshi ulikuwa unafukuza wadudu tu.

#40 Mlowezi wa Leicester
Joto.

#41 Ng'wana Shija
Ni moshi. Hata porini moto ukipita, mvua ya kwanza tu utaona vitu vinavyochomoza.

#42 Mama Zawadi
Kwa hiyo hatujui.

#43 KibaruaWaUani
Wakuu nimerudi. Mjadala ulininyima usingizi, nimefanya jaribio. Nimekata ndoo tatu za rangi, nimetoboa chini, udongo mmoja, nimeziweka juu ya zege. Kila ndoo mbegu 100, nimezihesabu kwa kijiti cha meno mpaka mke wangu akauliza kama kazini wamenisimamisha.

Ndoo ya kwanza: mbegu zangu za Februari, nimefukia kidogo sana, nikafunika na gunia.
Ndoo ya pili: mbegu zangu hizo hizo, juu ya udongo, wazi, jua linapiga.
Ndoo ya tatu: mbegu za mwaka jana, nimenunua kwa mama wa Kisukuma sokoni Buguruni, nimefukia na kufunika kama ya kwanza.

Leo siku ya 14. Ya kwanza 23. Ya pili 4. Ya tatu 61.

#44 BwanaShambaMstaafu
Nilisema nini? Mbegu ya mwaka jana 61, ya juzi 23. Usingizi. Na giza dhidi ya mwanga, 23 kwa 4. Nafunga mafaili yangu.

#45 Mkulima Tengeru
Usifunge mzee wangu. Mbegu za ndoo ya tatu ni za mama wa Buguruni, siyo zake. Labda ni mbegu za watu wanaolima mgagani miaka yote, zimezoea. Ungepata mbegu za jalala lile lile za mwaka jana ndiyo tungelinganisha umri.

#46 Sisi kwa Sisi
Na ndoo ya pili iliyokuwa wazi, nani alilinda sisimizi?

#47 KibaruaWaUani
@Sisi kwa Sisi hakuna aliyelinda. Na nikisema ukweli siku ya tatu niliona mmoja akipanda ukingo wa ndoo, lakini sikuona amebeba kitu.

#48 Sisi kwa Sisi
Alikuwa anapeleka ripoti.

#49 Fundi Mwashi wa Chanika
Na ndoo ya pili ukimwagilia, maji yanarusha mbegu nje au yanazizamisha pembeni. Gunia linavunja nguvu ya maji. Gunia pia linazuia ganda. Kwa hiyo siyo lazima iwe giza.

#50 Mlowezi wa Leicester
Zote tatu ziko juu ya ZEGE. Linganisha 23 kati ya 100 na tuta lako, maelfu ya mbegu miche 11. Mbegu zile zile! Joto, joto, joto.

#51 Nyakerario
Au kina, kina, kina. Kwenye tuta alichimba kaburi.

#52 chizi fresh
Uzi unaelekea mwezi wake wa pili, hakuna aliyekula mgagani hata mmoja.

#53 Nyakerario
Basi mapishi. Saga ichemshwe, maji ya kwanza umwage, halafu maziwa, halafu iachwe kwenye chungu usiku kucha. Kesho unaipasha, uchungu umeisha. Mama akijifungua hii ndiyo ya kwanza kuletewa.

#54 Ng'wana Shija
Karanga. Mgagani bila karanga ni dawa. Na ukizidi unauchemsha, unaanika, unakuwa nsansa, unakula kiangazi chote.

#55 Mwambao
Tui la nazi. Na mboga ya mchunga pia, tui la nazi. Nyinyi wa bara mnatesa mboga.

#56 Dkt wa Mtaa
Kumwaga maji ya kwanza kunapunguza uchungu na kunamwaga na vitamini. Semeni mnachopenda.

#57 Nyakerario
Daktari, uchungu wake ulishawahi kuuonja kweli? Mwaga.

#58 KibaruaWaUani
Wakuu, taarifa ya mwisho, siyo njema. Jumamosi mbuzi wa jirani kaingia. Ndoo ya kwanza na ya tatu kamaliza zote, ya pili kaipiga teke. Nimeongea na jirani, kasema mbuzi hajui mipaka, nikamwambia nimeliona hilo.

Hakufika nyuma ya simtanki. Ule wa ufani upo, umefika magotini. Jana mama kachuma, kapika na karanga (pole @Mwambao), watoto wameula wakaomba tena, mimi umenishinda uchungu ila nimenyamaza.

Mbegu zangu zilizobaki mama kazifunga kwenye kitambaa kaziweka juu ya jokofu. Kasema nisiziguse mpaka mwezi wa kumi.

#59 BwanaShambaMstaafu
Mama anajua. Miezi sita na zaidi.

#60 Mlowezi wa Leicester
Juu ya jokofu pana joto. Mama ni tawi langu.

#61 Bibi Kijana
Muulize kwa nini kachagua hapo. Kwa sababu hakuna dari la jikoni?

#62 KibaruaWaUani
Nimemuuliza. Kasema ni kwa sababu tangu ahamie hajawahi kuniona nafuta vumbi huko juu.